Kuchomelea, kulehemu, kuunga na kuunda: vitenzi vya kuunga vyuma katika kazi ya pikipiki

Muhtasari

Vitenzi -chomelea, -lehemu, -unga na -unda hutumiwa mara nyingi kana kwamba vina maana moja, hasa katika maandishi yanayohusu karakana za nyumbani na kazi ya kuunda pikipiki kwa umbo jipya. Havina maana moja. Viwili vya kwanza hueleza jinsi kiungo kilivyofanywa. Cha tatu husema tu kwamba kiungo kipo. Cha nne hutaja kazi nzima ya kukijenga chombo. Katika sufuria au kandili tofauti hiyo yaweza kupuuzwa. Katika fremu ya pikipiki haipuuziki, kwa maana njia iliyotumiwa kuunga ndiyo inayoamua kama kiungo kitahimili uzito wa dereva, abiria wake na mashimo ya barabara. Makala haya yanaeleza asili na matumizi ya vitenzi hivyo, kisha yanagusa majina ya metali, ya sehemu za pikipiki na ya kasoro za mshono, pamoja na lugha ya tahadhari ambayo mfasiri hapaswi kuikosea.

1. -chomelea

kt. Unga vipande vya chuma kwa kuyeyusha kingo zake kwa moto wa umeme au wa gesi hadi viwe kitu kimoja, aghalabu kwa kuongeza chuma cha kujazia. Mnyambuliko: -chomelewa, -chomeleka, -chomeleana. Nomino: mchomeleaji [a-/wa-], uchomeleaji [u-].

Kitenzi hiki kimejengwa juu ya mzizi -chom-. Kauli yake ya kutendea ni -chomea. Kauli hiyo ikirudiwa hupatikana -chomelea. Sauti l inayojitokeza katika umbo la pili si mpya. Ndiyo iliyokuwamo katika kiambishi cha kutendea tangu zamani. Ilidondoka pale ilipokuwa baina ya irabu mwishoni mwa kitenzi, ikabaki pale kiambishi kinapofuatwa na kingine cha aina yake. Ndivyo ilivyo katika -enda, -endea, -endelea. -Penda, -pendea, -pendelea. -Shika, -shikia, -shikilia. -Piga, -pigia, -pigilia. Mara nyingi kauli iliyorudiwa huongeza maana ya kutenda kwa ukamilifu au kwa kukaza. Anayeshikilia kamba hukaza mkono kuliko anayeishika. Anayepigilia msumari huupiga mpaka uzame na ushike. Kuchomelea, vivyo hivyo, ni kuchoma mpaka vitu vishikane.

Kwa sababu hiyo -chomea na -chomelea havifai kubadilishana katika maandishi rasmi, ingawa karakanani -chomea husikika sana kwa maana ya kuunga vyuma na hueleweka. Maana za -chomea ni nyingi: mkaa wa kuchomea nyama, shimo la kuchomea taka, tanuri la kuchomea matofali. Msomaji anayekutana na maneno «mashine ya kuchomea» katika orodha ya vifaa vya hospitali atafikiri ni ya kuteketezea taka. Katika orodha ya vifaa vya karakana atafikiri ni ya kuunga vyuma. Umbo -chomelea huondoa utata huo bila kuongeza neno lingine. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi nchini Tanzania, VETA, hutumia nomino uchomeleaji katika kuitaja fani hii, na huo ndio mfano unaofaa kufuatwa na walimu.

Katika mazungumzo ya mafundi, Tanzania na Kenya, neno la kila siku ni weldingi, na mtendaji ni welda au fundi weldingi: «kupiga weldingi», «peleka kwa welda». Maneno haya yamekwisha kuzoeleka na yanafaa katika mazungumzo yanayonukuliwa, katika tamthilia na riwaya. Katika mtaala, mkataba au mwongozo wa usalama, -chomelea na uchomeleaji ndiyo yanayotakiwa.

Mifano:
(a) Fundi aliichomelea keria kwenye fremu upande wa nyuma.
(b) Bomba jembamba halichomeleki kwa umeme mkubwa; hutoboka.
(c) Kiungo kilichochomelewa vizuri huwa na mshono wa upana mmoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Yafaa kuangalia muundo wa mfano (a). Kuchomelea huhusu kitu kinachoungwa na mahali kinapoungwa. Sentensi «Fundi alichomelea fremu» haisemi kama fremu ilikuwa imevunjika ikaungwa, au iliundwa upya kwa mabomba, au iliongezewa kitu. Palipo na nafasi, mahali patajwe: «alichomelea ufa uliokuwa chini ya shingo ya fremu», «alichomelea kipande cha kuimarisha kwenye pembe».

2. -lehemu

kt. Unga vitu vya metali kwa kuyeyushia baina yake metali nyingine inayoyeyuka upesi zaidi, bila kuviyeyusha vitu vyenyewe. Mnyambuliko: -lehemia, -lehemika, -lehemiwa. nm. lehemu [i-/zi-]: metali inayoyeyushwa kwa kazi hiyo. Pia hutumika tia lehemu.

Neno hili ni la asili ya Kiarabu, na linatokana na mzizi uleule unaozaa neno la nyama katika lugha hiyo. Mzizi huo hutumiwa pia kwa kidonda kinachofunga na kupona. Picha iliyomo ni ya nyama na nyama kushikana. Katika miji ya mwambao lehemu ilikuwa kazi ya sonara na ya fundi bati: kuunga mkufu uliokatika, kuziba birika linalovuja, kutia mpini kwenye kikombe cha bati. Leo neno limehamia pia kwa mafundi wa redio na simu.

Tofauti baina ya -lehemu na -chomelea inaonekana vyema kwa vipimo vya joto. Lehemu ya kawaida ya fundi redio, yenye stani sehemu 63 na risasi sehemu 37 katika kila sehemu 100, huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. Chuma cha fremu huyeyuka karibu na nyuzi 1,500. Katika kulehemu, chuma hakikaribii kuyeyuka. Lehemu hushika uso wake tu. Katika kuchomelea, chuma chenyewe huwa majimaji kwa muda mfupi na kuganda kikiwa kimoja na jirani yake. Kiungo cha kwanza chafaa kwa waya wa taa ya pikipiki. Hakifai hata kidogo kwa mguu wa kuegeshea, seuze kwa shingo ya fremu.

Kamusi nyingi huruhusu -lehemu litumike pia kwa maana pana ya kuunga metali kwa moto, na si kosa la lugha kuandika hivyo katika habari ya jumla. Kosa hutokea katika maandishi ya kiufundi, ambamo msomaji atatenda kama alivyoelekezwa. Mwanafunzi anayeambiwa «lehemu bomba la shingo» anaweza kuchukua chombo kisichofaa na metali isiyofaa, naye atakuwa ametii maandishi.

3. Kulehemu kwa shaba

Kati ya njia hizo mbili ipo ya tatu, nayo ndiyo inayowasumbua wafasiri zaidi. Fundi hupasha chuma moto wa gesi hadi kiwe chekundu, kisha huyeyushia kwenye kiungo kijiti cha metali ya jamii ya shaba, kwa joto la nyuzi 900 hivi. Chuma chenyewe hakiyeyuki. Kwa desturi ya mafundi wa kimataifa, mpaka baina ya njia hii na lehemu laini umewekwa kwenye nyuzi 450: metali ya kujazia ikiyeyuka chini ya hapo, ni lehemu laini; ikiyeyuka juu ya hapo lakini chini ya kiwango cha chuma kinachoungwa, ni njia hii ya tatu.

Kiswahili hakina kitenzi kimoja kilichokubaliwa kwa njia hiyo. Istilahi inayopendekezwa hapa ni kulehemu kwa shaba, na maneno «kwa shaba» yasiachwe kamwe. Sababu ya kuchagua -lehemu badala ya -chomelea ni kwamba kanuni ya kazi ni ya lehemu: kinachoyeyuka ni metali ya kujazia peke yake. Sababu ya kutoacha «kwa shaba» ni kwamba nguvu ya kiungo hiki ni kubwa mno kuliko ile ya lehemu ya stani na risasi.

Historia ya pikipiki ina mfano unaoonyesha kwa nini neno hili linahitaji uangalifu. Mwaka 1950 kampuni ya Norton ya Uingereza ilianza kutumia katika mashindano fremu iliyobuniwa na Rex McCandless wa Belfast. Iliitwa Featherbed, yaani godoro la manyoya, kutokana na sifa iliyotolewa na mwendesha mashindano Harold Daniell baada ya kuipanda. Fremu hizo za mashindano ziliundwa kwa mabomba membamba ya Reynolds 531, chuma chenye manganizi na molibdenumu kilichoanza kutolewa mwaka 1935, na viungo vyake vilifanywa kwa vijiti vya jamii ya shaba. Njia hiyo haikuwa ya umaskini wala ya kubahatisha. Bomba jembamba la namna ile hupoteza nguvu likipashwa joto kupita kiasi. Joto la chini la shaba lililihifadhi.

Baadaye vijana wa Uingereza walizitafuta fremu hizo ili watie ndani yake injini za Triumph, na chombo kilichopatikana kikaitwa Triton, jina lililochanganya majina ya kampuni hizo mbili. Mfasiri wa kitabu kinachoeleza ukarabati wa fremu kama hiyo akiandika «fremu imechomelewa», atamwelekeza fundi kuipiga umeme mahali palipo na shaba, na shaba iliyoingia katika chuma kilichoyeyuka huweza kukipasua. Akiandika «fremu imelehemiwa» bila nyongeza, msomaji atadhani ni kazi ya fundi redio. Maneno mawili, «kwa shaba», yanaepusha makosa yote mawili.

4. -unga, -unganisha, -unda na -tengeneza

-unga ni kitenzi cha jumla. Mfupa huungwa, kamba huungwa, mchuzi huungwa kwa nazi. Kinafaa pale njia ya kuunga haijulikani au haina umuhimu: «Mabomba mawili yameungwa hapa.» Kikitumiwa mahali pa -chomelea, habari hupungua; kikitumiwa mahali ambapo mwandishi hajui njia iliyotumika, ni uaminifu. Mfasiri ambaye matini yake ya asili haibainishi njia na achague -unga.

-unganisha, katika habari za viwanda, kwa kawaida huwa na maana ya kukusanya sehemu zilizokwisha kutengenezwa kwingine na kuzifunga kwa bolti na nati hadi chombo kikamilike. «Kiwanda cha kuunganisha pikipiki» si kiwanda cha kuchomelea fremu, ingawa kinaweza kuwa na kazi zote mbili. 

-unda ni kitenzi cha mafundi wa vyombo vya baharini. Jahazi huundwa, na methali inasema: Ukiona vyaelea, vimeundwa. Ndani ya -unda mna fikra ya kukipa chombo umbo kutoka mwanzo, kwa kukata, kupima, kulinganisha na kuunga. Kwa hiyo ndicho kitenzi kinachoifaa zaidi kazi ya fundi wa nyumbani anayechukua injini ya pikipiki kuukuu na kuijengea fremu, tangi na kiti kwa namna aipendayo. «Kuunda pikipiki» na «pikipiki ya kuundwa» ni maneno yanayoeleweka bila maelezo.

-tengeneza ndicho kitenzi cha kuepukwa. «Alitengeneza fremu» yaweza kuwa na maana kwamba aliiunda au kwamba aliikarabati ilipoharibika. Katika mazungumzo muktadha hubainisha. Katika hati ya mauziano haubainishi, na mnunuzi ana haki ya kujua kama fremu anayoinunua imewahi kuvunjika. Iandikwe «aliiunda» au «aliikarabati».

5. Majina ya metali

Chuma, katika lugha ya kila siku, ni jina la kila metali ngumu yenye asili ya madini ya chuma. Pua ni chuma kilichofanyiwa kazi kikawa kigumu zaidi, kifaacho kwa visu na patasi. Kutokana nayo limepatikana jina chuma cha pua, ambalo kamusi hulitoa kwa chuma kigumu cha viwandani kwa ujumla. Hata hivyo, maandishi mengi ya biashara ya miaka ya karibuni hutumia «chuma cha pua» kwa maana finyu ya chuma kisichoshika kutu, kama kile cha masinki na vijiko. Maana zote mbili zimo katika matumizi, na kwa mchomeleaji tofauti yake ni kubwa: chuma kisichoshika kutu huhitaji kijiti cha aina yake. Katika maandishi ya kiufundi ni salama kuandika chuma kisichoshika kutu kwa maana hiyo finyu, na kutumia chuma peke yake, au chuma laini, kwa bomba la kawaida la fremu.

Feleji hutumika kwa chuma cha hali ya juu, hasa katika matini ya kale na ya kifasihi. Katika mwongozo wa karakana halitasaidia.

Chuma cha kusubu ni kile kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Kitenzi -subu kisichanganywe na -fua, ambacho ni kupiga chuma chenye moto juu ya fuawe, kazi ya mhunzi.

Bati na mabati huashiria karatasi za chuma zilizopakwa zinki. Mfasiri asisahau zinki hiyo, kwa sababu itarejea katika sehemu ya tahadhari.

Shaba hubeba majina mawili ya metali. Yenyewe, au ikiitwa shaba nyekundu, ni ile ya nyaya za umeme. Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba na zinki.

6. Majina ya pikipiki na sehemu zake

Pikipiki limetokana na mlio wa injini, kama lilivyo tukutuku, ambalo pia hutumika katika baadhi ya maeneo. Bodaboda lilianza kwa baiskeli: ni neno la Kiingereza la mpaka likirudiwa mara mbili, kutokana na waliovusha abiria kati ya Kenya na Uganda. Leo ni pikipiki ya kubebea abiria, na kwa Kenya na Tanzania pia ni dereva wake. Haifai kuita bodaboda pikipiki isiyofanya biashara hiyo.

Mashariki mwa Kongo pikipiki huitwa pia moto, kutoka Kifaransa. Katika matini ya uchomeleaji, ambamo moto wa kawaida umejaa kila ukurasa, mfasiri anayewaandikia wasomaji wa huko na achague pikipiki ili kuepuka sentensi kama «usiwashe moto karibu na moto».

Chopa ni tatizo la namna nyingine. Nchini Tanzania na Kenya neno hili limeshika maana ya helikopta, hasa katika habari za kampeni za uchaguzi. Kwa Kiingereza cha Marekani, hata hivyo, neno lililo asili yake hutaja pia pikipiki iliyokatwa sehemu zisizo za lazima na kurefushwa uma wa mbele, mtindo uliokua California baada ya Vita Kuu ya Pili na kuenea duniani kwa filamu ya Easy Rider ya mwaka 1969. Pikipiki mashuhuri za filamu hiyo ziliundwa na Cliff Vaughs na Ben Hardy, mafundi Weusi wa Los Angeles, kutoka Harley-Davidson zilizokuwa za polisi. Kwa Kiswahili iandikwe «pikipiki ya uma mrefu» au jina lielezwe mara ya kwanza linapotokea. Kuandika «aliunda chopa nyumbani kwake» bila maelezo ni kumpa msomaji helikopta.

Kwa sehemu za pikipiki, maneno ya mafundi ndiyo yanayojulikana: fremu, tangi, keria, madigadi, shokapu, cheni, ekzosi, usukani. Kiunzi kwa maana ya fremu ni sahihi lakini hakisikiki karakanani. Uma hufaa kwa nguzo mbili zinazolishika gurudumu la mbele. Bomba linalopokea usukani, ambalo ndilo linalobeba mishtuko mingi, laweza kuitwa shingo ya fremu.

7. Mshono na kasoro zake

Lugha ya kuchomelea imeazima mengi kwa mshonaji nguo, na maazimo hayo ni mazuri. Mshono ni mstari wa chuma kilichoganda kwenye kiungo. Kushikiza ni kuweka nukta chache za kuchomelea ili vipande visisogee kabla ya mshono kamili, kama mshonaji anavyopiga bandi kabla ya kushona. Mwalimu anayetumia mfano huo hahitaji kueleza zaidi kwa nini fremu hushikizwa kwanza pande zote: nguo isiyopigwa bandi huenda upande, na fremu isiyoshikizwa hupindika.

Mavi ya chuma ni ganda linalobaki juu ya mshono na kugongwa likatoka. Neno si tusi. Ni la wahunzi tangu zamani, na hakuna sababu ya kulikwepa katika kitabu cha shule. Vitundu ni nafasi za hewa zilizonaswa ndani ya mshono. Ufa [u-/zi-, wingi nyufa] ni mpasuko. Kutoboka ni chuma kuyeyuka kupita kiasi hadi kuacha tundu. Kupindika ni kupoteza unyoofu kwa sababu ya joto.

Mshono usioshika ni kasoro isiyoonekana: chuma cha kujazia kimelala juu ya bomba bila kuyeyukiana nalo. Hapa neno kulalia lafaa, «mshono umelalia tu», kwani laonyesha kwamba kiungo kipo kwa macho na hakipo kwa nguvu. Kwa hiyo kusifu mshono kuwa «mzuri» hakutoshi katika maandishi ya ukaguzi. Msasa na rangi huufanya mshono wowote uwe mzuri. Kinachopaswa kuandikwa ni kama umeingia hadi kwenye kina cha kiungo.

-pinda na -kunja hutofautiana pia. Bomba likipindwa huwa na mzingo laini; likikunjwa huweza kubonyea pembeni. Mafundi hujaza mchanga ndani ya bomba kabla ya kulipasha moto na kulipinda ili lisibonyee. Maelekezo yaseme «mchanga mkavu», kwa maana maji yaliyonaswa humo hugeuka mvuke na kulipua bomba.

8. Lugha ya tahadhari

Katika sehemu hii kosa la neno huweza kuwa kosa la uhai.

Tupu. Maelekezo ya kuchomelea tangi yasiseme tu «hakikisha tangi ni tupu». Tangi lililomwagwa petroli si tupu. Limejaa mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa, nao hulipuka kwa urahisi kuliko petroli yenyewe. Iandikwe «tangi lililooshwa na kuondolewa mvuke wote wa petroli», na ikiwa matini ya asili imetaja njia, njia hiyo isifupishwe.

Mvuke na moshi. Mvuke hutoka katika kimiminika. Moshi hutoka katika kuungua. Petroli hutoa mvuke hata kabla ya cheche kuwapo. Zinki ya mabati na ya mabomba yaliyopakwa hutoa moshi mweupe inapochomelewa, na anayeuvuta hushikwa na homa, baridi na kichefuchefu saa chache baadaye. Onyo liseme «usivute moshi huu» na pia «ondoa zinki kabla ya kuchomelea»; la kwanza peke yake halimsaidii anayefanya kazi katika chumba kisicho na madirisha.

Miwani. Neno hili halitoshi. Karakana nyingi za kando ya barabara hutumia miwani ya jua, na maelekezo yasemayo «vaa miwani» yatasomwa hivyo. Mwanga wa umeme wa kuchomelea una miali isiyoonekana inayounguza macho, na maumivu huja baada ya saa kadhaa, mara nyingi usiku, kama mchanga uliotiwa machoni. Iandikwe «kinyago chenye kioo cheusi cha kuchomelea», na kiwango cha kioo kitajwe. Kwa kazi ya vijiti vya umeme katika fremu, namba 10 ni ya kawaida.

Betri. Sharti la kutenganisha betri kabla ya kuchomelea pikipiki iliyokwisha kufungwa nyaya liandikwe kwa hali ya kuamuru, «tenganisha», wala si «inashauriwa kutenganisha», endapo matini ya asili imeamuru. Kulainisha amri kwa sababu ya adabu ni jambo jema katika barua, si katika mwongozo wa usalama.

9. Sentensi za kulinganisha

Isiandikwe: Fremu ilivunjika ikalehemiwa.
Iandikwe: Fremu ilivunjika ikachomelewa. (Au, inapostahili: ikalehemiwa kwa shaba. Au, njia isipojulikana: ikaungwa.)

Isiandikwe: Mashine ya kuchomea ya ampea 200.
Iandikwe: Mashine ya kuchomelea ya ampea 200.

Isiandikwe: Fundi ametengeneza pikipiki yake mwenyewe.
Iandikwe: Fundi ameunda pikipiki yake mwenyewe. (Au: amekarabati.)

Isiandikwe: Ekzosi hii ni ya chuma cha pua, ikiwa maana ni ile finyu.
Iandikwe: Ekzosi hii ni ya chuma kisichoshika kutu.

Isiandikwe: Chomelea tangi likiwa tupu.
Iandikwe: Usichomelee tangi kabla ya kuliosha na kuondoa mvuke wote wa petroli.

Kanuni moja inayajumlisha haya. Kitenzi cha kuunga chuma kichaguliwe kwa kuuliza ni kitu gani kiliyeyuka. Kikiyeyuka chuma chenyewe, ni -chomelea. Ikiyeyuka metali ya kujazia tu, ni -lehemu, nayo itajwe ikiwa ni shaba. Isipojulikana, ni -unga. Dereva atakayeipanda pikipiki hiyo hataweza kuliuliza bomba lilivyoungwa. Ana maandishi peke yake.